Young Africans na Mstari wa Rangi: Miaka 90 ya Klabu ya Jangwani

Klabu ya Young Africans ya Dar es Salaam, ambayo Watanzania kutoka Mtwara hadi Bariadi huiita Yanga, iliasisiwa tarehe 11 Februari 1935, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya udhamini wa Uingereza na mji wake mkuu umegawanywa kwa rangi za wakazi wake. Mwaka 2025 klabu ilitimiza miaka 90, na mengi yaliyoandikwa juu yake yamehusu mabao, makombe na utani wake na Simba. Historia hii inaitazama kwa upande mwingine: kama taasisi iliyojengwa na watu weusi wa mjini ndani ya mfumo uliowatenga, kwa michango yao wenyewe, na ambayo mfumo huo ulipoanguka haikufa pamoja nao bali ilishika nafasi ya mbele. Jambo hilo la mwisho ndilo linaloifanya Yanga istahili kutazamwa katika historia ya michezo duniani, kwa sababu kwingineko, kama Marekani, mambo yalikwenda kinyume kabisa.

Nchini Marekani mchezo uliopendwa kuliko yote katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ulikuwa besiboli, unaochezwa na timu mbili za watu 9, mmoja akirusha mpira mdogo mgumu na mwingine akijaribu kuupiga kwa rungu. Tangu miaka ya 1880 wamiliki wa timu kubwa walikubaliana, bila kuandika popote, kutosajili wachezaji weusi, na makubaliano hayo yalidumu kwa takriban miaka 60. Watu weusi wakaunda timu zao. Nyingi kati ya hizo zilikuwa za nusu kulipwa, maana yake wachezaji wake walifanya kazi za kawaida siku za juma, kisha wakacheza mwishoni mwa juma kwa malipo madogo yaliyotokana na viingilio au na fedha zilizochangwa uwanjani. Homestead Grays, mojawapo ya timu mashuhuri zaidi katika kundi hilo, ilianza miongoni mwa wafanyakazi weusi wa viwanda vya chuma katika mji wa Homestead, jimbo la Pennsylvania, ikakuzwa na Cumberland Posey, aliyekuwa mchezaji, kisha meneja, kisha mmiliki. Mwaka 1920 Rube Foster aliasisi ligi ya kitaifa ya timu za watu weusi katika mji wa Kansas City, na kwa miaka 30 iliyofuata ligi za aina hiyo ziliwalea baadhi ya wachezaji bora kuliko wote waliowahi kuucheza mchezo huo.

Dar es Salaam haikuwa na sheria moja iliyosema waziwazi kwamba Mwafrika, Mhindi na Mzungu wasichanganyike. Mgawanyo ulifanywa kwa njia ya kanuni za ujenzi. Tangu enzi za Wajerumani, na kwa ukamilifu zaidi chini ya Waingereza katika miaka ya 1920, mji uligawanywa katika kanda tatu: ya kwanza, upande wa bahari, ilihitaji nyumba za viwango vya Kizungu, ya pili ilikuwa ya maduka na makazi ya ghorofa, ya tatu iliruhusu nyumba za udongo na makuti. Kwa kuwa ni Wazungu waliomudu kujenga katika ya kwanza, Wahindi katika ya pili, na Waafrika wakabaki na ya tatu, wenyeji hawakuona haja ya kutumia namba za serikali, wakazitaja kanda hizo kwa majina yaliyoeleza hali halisi: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo, mahali palipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kati ya Uhindini na Kariakoo serikali iliacha uwanda mpana usiojengwa, Mnazi Mmoja, ambao maofisa wa afya waliutetea kama kizuizi cha maradhi kati ya jamii na jamii. Hospitali zilifuata mgawanyo huo, kwani ile ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu na ile ya Sewa Haji ilihudumia Waafrika na Wahindi; shule nazo zilitenganishwa kwa rangi, na katika michezo Wazungu walikuwa na klabu yao ya Gymkhana, yenye viwanja vya gofu na kriketi, ambamo Mwafrika aliingia kama mtumishi tu.

Kwa hiyo ule uwanda wa Mnazi Mmoja, uliotengwa ili watu wasikaribiane, ndio uliokuja kuwa uwanja wa mpira wa vijana wa Kariakoo. Ni jambo linalostahili kukumbukwa na kila anayeandika historia ya soka la Tanzania, kwa sababu hakuna aliyewagawia vijana hao kiwanja. Walikikuta kitupu wakakitumia.

Soka lilifika Tanganyika kwa njia ya shule za misheni na za serikali, jeshi, polisi na mabaharia, na timu za mwanzo za Waafrika mjini zilikuwa za idara: za polisi, askari, shule na wafanyakazi wa serikali. Timu ya idara ilikuwa na faida zake, maana mwajiri alitoa mipira na jezi, lakini ilikuwa mali ya mwajiri, na mchezaji aliyehamishwa kikazi aliiacha nyuma. Vijana wa mitaa ya Kariakoo na Jangwani walitaka kitu kingine, yaani timu isiyotegemea bwana yeyote. Kundi lililoizaa Yanga lilipitia majina kadhaa, miongoni mwake Navigation, Taliana na New Youngs, kabla ya kutulia mwaka 1935 na jina ambalo halikumtaja mfadhili, idara wala mji wa ng'ambo, bali liliwataja wenye timu kwa umri wao na kwa bara lao. Katika mji ambamo barua za serikali zilimwita Mwafrika mzawa tu, lilikuwa jina lenye uzito.

Mwaka uliofuata, kutoelewana ndani ya kundi hilohilo kulizaa klabu ya pili. Waliojitenga walianza kwa jina la Queens, wakapita katika jina la Eagles, na hatimaye wakajulikana kama Sunderland, kwa jina la klabu ya Uingereza. Hao ndio Simba wa leo, wanaohesabu mwaka 1936 kuwa mwaka wao wa kuzaliwa. Sunderland ilisifika kwa kuwa na wafadhili na wachezaji wenye asili ya Kiarabu, wakati Yanga ilijihesabu kuwa klabu ya Waafrika wa Kariakoo, ingawa katika maisha ya mitaani mpaka huo haukuwa mkali, kwa vile familia moja iliweza kuwa na mashabiki wa pande zote mbili na jirani akamzika jirani bila kuuliza kadi yake ni ya klabu gani.

Wageni wengi waliouandika utani wa Simba na Yanga wameulinganisha na uhasama wa klabu za Ulaya, lakini asili yake iko karibu zaidi na nyumbani. Kabla ya soka, vijana wa pwani walikwisha kujigawa katika vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilivyokuwa na vyeo, sare, mikutano, michango na mashindano, na matawi yake yakafika mpaka bara. Katika Usukuma, ambako leo ni mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita, makundi ya Bagika na Bagalu yalikwisha kuwa yakishindana kwa ngoma baada ya mavuno, kila upande ukiwa na manju wake, dawa zake na mashabiki wake, na mshindi akiamuliwa kwa wingi wa watu aliowavuta upande wake wa uwanja. Mzee wa Busega au wa Bariadi aliyesikia kwamba mjini kuna timu mbili za mpira zilizotoka tumbo moja, kila moja ikijitapa kwa mganga wake na kumtania mwenzake asubuhi baada ya mechi, hakuhitaji kufafanuliwa. Alikwisha kuijua taasisi ya namna hiyo. Hii ni sababu mojawapo, na pengine ndiyo kubwa, iliyofanya klabu mbili za mtaa mmoja wa Dar es Salaam zikubalike nchi nzima kuliko timu yoyote ya mkoa.

Kuhusu fedha, Yanga ya miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa klabu ya ridhaa, yaani wachezaji wake hawakulipwa mshahara kwa kucheza. Wachezaji na wanachama walikuwa makarani, makuli wa bandarini, watumishi wa nyumbani, mafundi na wafanyabiashara wadogo, na klabu iliendeshwa kwa ada zao na kwa mikono ya wazee waliolipia mipira, nauli na chakula cha kambini. Hao ni watu waliokuwa wakipokea ujira mdogo kiasi kwamba makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, tena 1943, na mgomo wa 1947 ulioanzia bandarini ukaenea hadi sehemu nyingine za nchi. Mtu anayegoma kwa kukosa posho ya kutosha, na bado akatoa senti zake kwa klabu, anatuonyesha kwamba klabu ilimpa kitu ambacho mwajiri wake na serikali yake walimnyima: mahali pa kuchagua viongozi, kusimama mkutanoni, kutunza daftari la fedha na kumwajibisha mweka hazina. Kwa wengi wa watu hao, uchaguzi wa kwanza walioshiriki maishani ulikuwa wa klabu ya mpira au chama cha ngoma.

Ndiyo maana historia ya Yanga haiwezi kutenganishwa na historia ya siasa. Chama cha African Association kiliasisiwa Dar es Salaam mwaka 1929, Kleist Sykes akiwa katibu wake, na kikajenga ofisi yake katika mtaa wa New Street, ambao sasa ni mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja. Watu waliokutana katika ofisi ile ndio waliokutana jioni uwanjani. Mwaka 1953 serikali ya Gavana Edward Twining iliwakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa, na katazo hilo lilipokuja kukigusa chama cha TANU, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954, Waafrika wengi waliosoma walijikuta wamefungwa mikono. Hapo klabu za mpira na vikundi vya ngoma vikapata kazi mpya, kwa vile havikuwa vyama vya siasa na hakuna aliyeweza kumkataza karani kuhudhuria mkutano wa timu yake. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU kwa maelfu, alitoka katika kikundi cha ngoma cha Bomba, na njia aliyoitumia ilikuwa ni kupita katika vikundi kama hicho kimoja kimoja. Yanga ilitumika vivyo hivyo kwa upande wa wanaume, na wanachama wake husimulia mpaka leo kwamba rangi ya kijani ya TANU ilikuwa ya Jangwani kwanza.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, mpangilio wa michezo ulibadilika kwa kasi. Klabu zilizokuwa za Wazungu zilibaki na gofu na kriketi zao bila umati. Zile za jamii za Kihindi ziliendelea na michezo yao. Soka, mchezo wa Kariakoo, likawa mchezo wa taifa. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, Sunderland ikawa bingwa mwaka huo na uliofuata, Cosmopolitan ikachukua 1967, kisha Yanga ikatawala kwa miaka mitano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972. Katika msimu huo wa kwanza wa enzi yake iliifunga Sunderland mabao 5 kwa 0, na mwaka 1969 ilifika robo fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika, ambako baada ya sare mbili na Asante Kotoko ya Ghana, mshindi aliamuliwa kwa kurusha sarafu hewani, na Kotoko wakasonga mbele. Mwaka 1971, kwa ushawishi wa Mzee Abeid Amani Karume, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, Sunderland iliacha jina la kigeni ikajiita Simba. Mzee huyohuyo alizisaidia klabu hizo kupata majengo ya kudumu, Simba katika mtaa wa Msimbazi na Yanga katika makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani.

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, kilele cha enzi hiyo ni tarehe 10 Agosti 1974. Siku hiyo Simba na Yanga zilikutana katika uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza kuamua bingwa wa Tanzania, nje kabisa ya Dar es Salaam. Kwa watu hao mechi ile ilikuwa ya nyumbani kwa maana halisi. Adam Sabu aliifungia Simba mapema, na bao hilo lilidumu karibu mchezo wote, mpaka Gibson Sembuli aliposawazisha dakika chache kabla ya filimbi ya mwisho. Katika muda wa nyongeza Sunday Manara, aliyepewa lakabu ya Kompyuta kwa akili yake uwanjani, akafunga bao la pili, na Yanga ikatwaa ubingwa kwa mabao 2 kwa 1. Waliokosa nafasi Nyamagana walisikiliza Radio Tanzania. Redio ndiyo iliyokuwa imekwisha kufanya kazi ambayo reli na barabara hazikuweza kuifanya, yaani kumfanya mkulima wa pamba asiyewahi kuiona Kariakoo awe na klabu ya Kariakoo, na kuijua safu yake ya ushambuliaji kwa majina. Manara baadaye alikwenda kucheza soka la kulipwa katika klabu ya Heracles nchini Uholanzi, Mtanzania wa mwanzo kabisa kufika daraja hilo Ulaya.

Ushindi haukuleta amani. Mwaka 1975 Yanga ilitwaa Kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati huko Zanzibar kwa kuifunga Simba mabao 2 kwa 0, lakini mgogoro kati ya wachezaji wakongwe, wanachama na uongozi, uliokolezwa na azma ya kujenga kikosi kipya cha vijana, uliifikisha klabu mahali ambapo sehemu kubwa ya wachezaji wake mashuhuri ilijitoa, na mwaka 1976 ikazaliwa klabu ya Pan African. Simba ilifaidika: ilikuwa bingwa wa taifa kwa miaka mitano mfululizo, 1976 hadi 1980, na mwaka 1977 iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0, kichapo ambacho watani wa Msimbazi hawajaacha kukitaja. Ni haki kusema kwamba mgawanyiko huo ulitokana na nguvu ileile iliyoijenga klabu. Taasisi ambayo kila mwanachama anaihesabu kuwa yake haiongozwi kwa amri, na yale mabaraza ya wazee yaliyoilinda Yanga katika ukoloni hayakuwa tayari kunyamaza mbele ya kocha au katibu. Pan African ilitwaa ubingwa mwaka 1982 kisha ikafifia. Yanga ilikwisha kurudi kileleni mwaka 1981, ikiwa na wachezaji wengi ambao walikuwa watoto siku ya Nyamagana.

Hapa ndipo ulinganisho na Marekani unapopata maana yake kamili. Tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson, aliyepitia timu ya watu weusi ya Kansas City Monarchs, aliichezea Brooklyn Dodgers, na mwiko wa rangi katika besiboli kubwa ukavunjika. Ulikuwa ushindi wa haki, na hakuna mtu mwenye utu anayeweza kuutamani mwiko ule urudi. Hata hivyo, timu kubwa ziliwachukua wachezaji bora weusi mmoja mmoja, mara nyingi bila kuzilipa timu zao kitu cha maana, na mashabiki wakawafuata. Homestead Grays, iliyokuwa bingwa wa mfululizo wa mwisho wa ligi hizo mwaka 1948, ilifungwa miaka michache tu baadaye. Josh Gibson, mpigaji wake mkubwa, alikuwa amefariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Robinson kuvuka, bila kupata nafasi aliyostahili. Mlango ulifunguliwa kwa wachezaji, si kwa taasisi zao: mameneja weusi, wamiliki weusi, waandishi na wauza tiketi waliozijenga ligi hizo walibaki nje, na ilichukua hadi Desemba 2020 kwa wakuu wa besiboli kutangaza rasmi kwamba ligi za watu weusi zilikuwa ligi kubwa sawa na nyingine.

Tofauti kati ya historia hizo mbili haitokani na ubora wa viongozi wa Jangwani juu ya wale wa Homestead. Inatokana na idadi na mamlaka. Mmarekani mweusi alikuwa mtu wa jamii ya wachache katika nchi iliyotawaliwa na wengine, na kuingia kwake katika mchezo wa wote kulimaanisha kuingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa na mwenye nyumba akiwa ndani. Mtanganyika alikuwa wa jamii ya wengi iliyotwaa dola, na klabu ya mtaa wake ndiyo iliyokuwa na umati siku ukoloni ulipoondoka. Kama Tanganyika ingekuwa na walowezi wengi kama Rhodesia ya Kusini, huenda Yanga nayo ingetajwa leo katika makumbusho tu.

Tangu hapo klabu imeishi miaka ya shida na miaka ya neema. Ilitwaa Kombe la Afrika Mashariki na Kati mjini Kampala mwaka 1993 na tena 1999, kisha Dar es Salaam mwaka 2011 na 2012, na mwaka 2023 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambapo ilifungwa nyumbani mabao 2 kwa 1 na USM Alger, ikashinda bao 1 kwa 0 kule Algiers, na kulikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini pekee. Wachezaji wake sasa ni wa kulipwa kikamilifu, baadhi yao wakitoka nje ya Tanzania, na uendeshaji wa kikosi cha namna hiyo umezidi uwezo wa ada za wanachama.

Kwa sababu hiyo suala la umiliki, ambalo waasisi walidhani wamelimaliza mwaka 1935 walipokataa kuwa timu ya idara, limerudi mezani. Katika mkutano mkuu wa Juni 2021 wanachama waliridhia mabadiliko ya mfumo, kwa msingi uliowekwa na kanuni za serikali kwamba katika klabu za wanachama wawekezaji wasizidi asilimia 49, na asilimia 51 zibaki kwa wanachama. Hivyo mwenye kadi wa tawi lililo kilomita zaidi ya 1,000 kutoka Jangwani bado anahesabiwa kisheria kuwa miongoni mwa wenye klabu, na katika mkutano mkuu kura ya mjumbe wa tawi la kijijini ina uzito sawa na ya mjumbe wa Kariakoo.